Mlango wa Choo cha Mzee Mikidadi

Jumatatu, 3 Machi

Inatangazwa kwa wananchi wote, waliopo nchini na walioko ughaibuni, kwamba choo cha nje cha nyumba ya Mikidadi kimepata mlango. Ni mlango wa mninga, una bawaba tatu na komeo la ndani. Hafla fupi ya uzinduzi imefanyika leo asubuhi, mgeni rasmi nikiwa mimi na mtumiaji wa kwanza nikiwa mimi pia. Hotuba hazikutolewa. Enzi ya pazia la gunia imefikia tamati, na enzi ya kukohoa vilevile. Kwa faida ya wajukuu watakaokulia kwenye vyoo vya vigae, nieleze: choo kisicho na mlango, aliyemo hukohoa akisikia nyayo, na anayekwenda hukohoa kabla hajafika. Nyumba yenye wapangaji wanne, nje unadhani ni wodi ya kifua.

Mke wangu Shakila ameniambia, "Baba Mwaisha, wenzio huzindua meli, wewe wazindua choo." Nimemsamehe kwa sababu ni Ramadhani.

Mlango umetoka kituoni. Mtaa wetu umejenga kituo kidogo cha polisi, kwa nguvu zetu wenyewe, baada ya vibaka kutumaliza majiko na kuku. Wananchi tulitoa matofali, mchanga na migongo. Saruji, mabati, milango na madirisha alitoa Bwana Leonard, mwekezaji kutoka Dar. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ni mimi. Sikugombea, nilichelewa kikaoni, na kwetu anayechelewa ndiye anayechaguliwa. Kazi ilipokwisha ukabaki mlango mmoja. Bwana Leonard akasimama mbele ya watu akasema, "Huu mpeni mwenyekiti, naona choo chake kinatia huruma." Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Alhamisi, 6 Machi

Kituo kimefunguliwa. Utepe umekatwa. Jiwe la msingi lina jina la Bwana Leonard kwa herufi kubwa, na chini yake "na wananchi" kwa herufi za kutafuta kwa miwani. Mwenyewe akasema usalama ni uwekezaji. Tulishangilia sana, japo tuliofunga tulikuwa na soda za moto mikononi tusijue pa kuziweka. Yangu niliitia mfukoni, na kanzu ikaning'inia upande mmoja kama imepata kiharusi.

Tumeletewa Sajenti Yusuph, kijana wa Tabora, mpole, mrefu. Alinijia mwenyewe, akainama: "Shikamoo mzee. Nimeambiwa wewe ndiye mwenye kituo." Nilimpenda palepale. Nani asingempenda?

Jumatano, 12 Machi

Innocent, mpangaji wangu fundi simu, huwa anajaribu spika zake wakati wa futari. Leo nikamwambia kwa sauti ya chini, "Nitamtaja mtu kwa Afande." Muziki ukazimika kabla sijamaliza sentensi. Nilijisikia mkubwa. Nikauzunguka ua bila sababu, mikono nyuma, kama mkaguzi.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua. Chumba kinachovuja katika nyumba yangu ni kimoja tu, na ndicho ninacholala mimi, maana mpangaji akivujiwa atanihama, mimi siwezi kujihama.

Jumanne, 18 Machi

Bwana Leonard ameinunua nyumba ya jirani, ya marehemu Salehe. Watoto wa Salehe wamemuuzia wakiwa hukohuko Dar, nadhani hata hawajui tena mlango wa mbele unaelekea wapi. Tangu treni ya umeme ianze, Morogoro imekuwa uani kwa watu wa Dar. Mtu anakunywa chai Kariakoo, adhuhuri yuko kwetu anapima viwanja kwa hatua. Anataka kubomoa na kujenga hosteli ya wanafunzi, ghorofa. Wapangaji wameambiwa wapishe.

Jioni akaja Mama Glory, amebeba ungo wa njegere kama kisingizio. Jina lake Scholastika. Ni mtu wa milimani, huko Mgeta, mjane, anauza mboga sokoni, na ana vyumba viwili vya uani kwa Salehe.

"Shikamoo Baba Mwaisha."

"Marahaba. Karibu, mambo ya huko?"

"Mambo ndiyo hayo. Mimi sikatai kuhama. Mzee Salehe nilimlipa mpaka mwisho wa Juni, na hilo huyo bwana analijua. Lakini hata hiyo Juni siitaki yote. Nataka Glory amalize mtihani. Unaanza mwezi wa tano, unaisha mwezi huohuo. Akimaliza, nabeba sufuria zangu naenda zangu mlimani."

Glory yuko kidato cha sita, shule ya kutwa hapa mjini. Ukimhamishia Mgeta wakati wa masika, na barabara ile, mtihani atausikia redioni.

Nilimwambia avute subira, Bwana Leonard ni muungwana, nitazungumza naye. Nikamwambia pia, kama mwenye nyumba kwa mwenye nyumba, kila mtu ana haki na mali yake. Shakila alikuwa anakuna nazi. Mkono ulisimama, kisha ukaendelea kwa nguvu zaidi.

Jumatatu, 24 Machi

Wapangaji wengine wa Salehe wamehama wote. Chumba cha mbele, chenye baraza, Bwana Leonard amempa Sajenti Yusuph akae bure, "aliye karibu na kituo ndiye mlinzi." Nikaona busara. Polisi ukutani kwangu! Nikalala bila kufunga dirisha, nikaumwa na mbu.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Pilau. Tumepeleka sahani kituoni na sahani kwa Mama Glory. Ya Mama Glory imerudi na karoti na figili juu yake, maana kwao sahani ya mtu hairudi tupu. Ya kituoni imerudi tupu. Haikuoshwa.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimezungumza na Bwana Leonard, kama nilivyoahidi. Nilimvizia anashuka kwenye gari. Alinisikiliza akitazama simu. "Mwenyekiti, mimi sina ugomvi na mtu. Wahusika wanalishughulikia." Nikamuuliza wahusika gani. Akanipiga begani, akacheka, akaniuliza mlango unaendeleaje. Nikasema unaendelea vizuri, asante. Hivyo ndivyo nilivyomtetea Mama Glory.

Jumatano, 9 Aprili

Choo cha kituo kimetitia kwa mvua. Fundi aliyekichimba alichaguliwa na kamati, sisemi mwenyekiti wake ni nani. Kuanzia leo askari wanatumia changu. Mlango wangu sasa unaitumikia dola.

Jumatatu, 14 Aprili

Umeme wa vyumba vya uani kwa Salehe umekatwa. Wa chumba cha mbele unawaka. Mafundi wanasema nyaya zimechoka. Zimechoka kuanzia hapo ukutani kwenda nyuma.

Nilipopita kituoni magharibi nilimkuta Glory amekaa kwenye ubao wa barazani, kitabu mapajani, chini ya taa. Sajenti Yusuph alimtolea kiti chake mwenyewe. "Soma, mdogo wangu, nchi hii inawategemea nyie." Akamnunulia na maandazi. Nilikwenda nyumbani moyo umetulia, nikamwambia Shakila, "Unaona? Yule ni mtu mwema."

Shakila akasema, "Asubuhi huyo mtu mwema alimwambia mama yake asipohama atamfungulia kesi ya kuingia kwa jinai."

"Kuingia wapi?"

"Chumbani kwake."

Nimekaa na jambo hili jioni nzima. Angekuwa katili ningejua pa kumweka. Lakini mtu anayeacha mtoto akatiwe umeme wa kusomea, halafu akampa kiti kwenye mwanga wake! Naona kinyaa, kama nimekunywa chai tamu nikakuta unywele chini ya kikombe.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Mlima haujaonekana tangu jana, umejifunika wingu mpaka miguuni. Innocent amewasha spika, sijamtaja mtu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mama Glory na binti yake walikwenda misa ya asubuhi, wamevaa vitenge vya sare. Waliporudi, mlango wa chumba ulikuwa haupo. Na madirisha hayapo. Matundu tu, na pazia linapeperuka kuelekea nje. Unga umelowa, madaftari ya Glory yamevimba kama mikate. Vijana wa Bwana Leonard walikuja na tindo, wakang'oa, wakapakia. Sajenti Yusuph alikuwa barazani kwake anakunywa chai, walipita mbele yake na mlango kichwani. Ni ukarabati, ndivyo walivyosema. Ukarabati ulianza na mlango wa Mama Glory na ukaishia hapohapo. Mlango wa chumba cha mbele, wa Sajenti, haukuonekana kuchoka.

Nilimsindikiza Mama Glory kituoni. Niliona ni wajibu, na nilidhani jina langu lina uzito mle. Sajenti akatupokea vizuri, akatukalisha.

"Shikamoo mzee. Pole sana, mama. Nimeliona."

"Uliliona likiendelea, Afande?" nikauliza.

"Nililiona. Sasa tatizo, mzee wangu, hilo ni suala la madai. Mwenye nyumba na mpangaji wake. Polisi haturuhusiwi kuingilia. Inabidi mama aende baraza la ardhi na nyumba, afungue shauri."

Mama Glory akasema, "Juzi uliniambia ni jinai."

"Ile ilikuwa upande wa kuingia. Hii ni upande wa kutoka."

Aliyasema haya bila kucheka. Nilimtazama nione kama midomo itacheza, haikucheza. Mama Glory hakulia. Alitazama ukuta. Kuna tofali moja pale karibu na dirisha lina alama ya mkono wa mtoto, lilitoka kwenye tanuru la akina mama wa Jumuiya yake. Walilibeba kichwani wakiimba. Alilitazama hilo tofali muda mrefu, kisha akasema, "Haya, asante, Afande," akatoka mvuani bila kujifunika.

Nami nikasema asante. Asante ya nini, sijui. Ni ugonjwa.

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua siku nzima. Wametundika blanketi mlangoni. Niliwaza kuwakaribisha kwangu. Nikawaza Bwana Leonard atasemaje. Nikawaza tena. Siku ikaisha.

Jumanne, 22 Aprili

Tangazo jingine kwa wananchi: choo cha Mikidadi hakina mlango. Niligundua kwa namna ambayo heshima yangu hainiruhusu kuiandika kwa kirefu; itoshe kusema nilikuwa nimeshaingia, nikanyoosha mkono kufunga, mkono ukashika hewa, na Innocent alikuwa akipita na ndoo. "Shikamoo mzee," akasema. Nikaitikia.

Nikamkuta Shakila jikoni, bisibisi iko mezani, kando ya nyanya.

"Mlango uko wapi?"

"Uko kwa Mama Glory. Umekaa vizuri, kama ulipimwa kule."

"Bila kuniuliza?"

"Ningekuuliza ungeitisha kikao."

Alhamisi, 24 Aprili

Askari wamekuja chooni wamekuta gunia. Wameondoka wamenuna.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimekamatwa. Baada ya sala ya Ijumaa, nje ya msikiti, kanzu nyeupe, kofia, viatu mkononi. Sajenti Yusuph alisubiri nimalize kusalimiana na watu. Akainama. "Shikamoo mzee. Uko chini ya ulinzi." Nikajibu, "Marahaba."

Nitaandika nikitulia.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimerudi tangu jana jioni. Mtaani nimekuwa shujaa. Innocent, aliyekuwa nje ya kituo, anasimulia kijiweni kwamba nilipiga meza, nikamwambia Afande, "Kituo hiki nimekijenga mimi, na mimi naweza kukibomoa!" Wazee wamenishika mkono. Mwenye duka kanipa sukari. Kuna mtu kaniita Komredi. Sijakanusha. Shakila alinitazama wakati napokea sukari, akaenda kuanua nguo.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua. Sukari imeisha.

Jumatatu, 5 Mei

Glory ameanza mtihani. Ametoka alfajiri, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Sajenti Yusuph akamwombea dua kutoka barazani kwake, mikono juu, kwa sauti. Mama Glory aliitikia amina. Kisha akaingia ndani na kufunga mlango. Nilisikia komeo. Nalijua komeo lile.

Jumatatu, 12 Mei

Bwana Leonard amekuja kupima tena. Kanisalimia kwa furaha kubwa, kama hakuna kilichotokea. Na kwake nadhani hakuna.

Jumatano, 21 Mei

Mvua zinapungua. Leo mlima umejitokeza wote, umeoshwa, mpaka mashamba ya juu yanaonekana kama viraka. Nimekutana na Mama Glory kisimani. Nimemsalimu, ameitikia kwa heshima zote, hata kupiga goti kidogo kama wafanyavyo watu wa kwao. Ingekuwa nafuu angenitukana.

Jumamosi, 31 Mei

Glory amemaliza juma hili. Wamehama jana. Na kwa kuwa masika yamekwisha na hakuna aliyenilazimisha, nitaandika sasa ilivyokuwa ile Ijumaa, maana hadithi ya Innocent imeshafika Msamvu stendi, na juzi mtu ambaye simjui alitaka kupiga picha na mimi.

Sikupiga meza. Meza yenyewe sikuifikia, nilikalishwa kwenye ubao, palepale alipokuwa akisomea Glory. Mahabusu ya kituo chetu ni chumba kimoja, kinavuja. Nilikitazama kinavyovuja nikajua kwa nini: mchanga mwingi, saruji kidogo, na mwenyekiti aliyekwenda kunywa kahawa wakati wa kuchanganya. Niliogopa kuingizwa mle na kanzu nyeupe. Ndiyo, hilo ndilo nililokuwa nalifikiria. Kanzu.

Sajenti Yusuph akavuta kiti karibu.

"Mzee wangu, wewe ni baba yangu. Mimi sitaki tufike mbali. Ule mlango ulitolewa kwa ajili ya kituo. Ni mali ya umma. Sasa umeonekana kwenye nyumba ya mtu."

"Bwana Leonard alinipa mbele ya watu," nikasema.

"Alikupa wewe. Hakumpa yule mama. Tukubaliane hapo?"

"Hapo, ndiyo."

"Basi maelezo ni mafupi. Mlango ulikuwa chooni kwako. Kweli?"

"Kweli."

"Ukatoka. Ukaonekana kwa jirani. Kweli?"

"Kweli."

"Wewe ulimpa?"

Hapa ndipo penyewe. Mimi sikumpa. Alitoa Shakila, nami niligundua nikiwa nimechuchumaa. Nilijua jibu langu litakwenda wapi. Nikisema sikumpa, basi kauchukua. Akiwa kauchukua, ni wizi. Wizi ni jinai. Na jinai, tofauti na mlango wake mwenyewe ulioibwa mchana kweupe, polisi wanaruhusiwa kuiingilia. Angelala ndani, na Glory angekwenda kwenye mtihani akitokea kituoni kumpelekea mama yake uji. Haya yote niliyaona, yamepangwa kama shanga. Wala si kwamba nilikuwa sielewi.

Nikasema, "Mimi sikumpa."

Hakuna neno la uongo hapo. Ndiyo maana linanuka. Sajenti akaandika, taratibu, mwandiko mzuri. Akanigeuzia karatasi niweke sahihi. "Umeona, mzee? Tumemalizana kistaarabu." Nikaishika kalamu.

Shakila akaingia, kalowa, khanga imemganda, na bisibisi mkononi. Nyuma yake mlangoni alikuwa amesimama Mama Glory. Kituo chetu hakina dari. Kinachosemwa ndani husikika barazani. Walikuwa barazani kitambo.

"Nimempa mimi," Shakila akasema. "Andika na hilo."

"Mama, mlango ni wa mzee hapa."

"Huyu?" Alininyooshea bisibisi. "Afande, wewe mgeni. Ile nyumba imekaa kwenye ardhi ya mama yangu, na ya mama yake kabla yake. Sisi Waluguru mwanamume anakuja kwa mkewe na jembe lake, na akiondoka anaondoka na jembe lake. Choo kipo kwenye ardhi yangu, mlango ulifungwa kwenye choo changu. Muulize kama nasema uongo."

Sajenti akanigeukia. Nikasema hasemi uongo. Hilo ndilo neno langu la kishujaa, kama mnalitafuta: nilikubali kwamba nyumba ninayojitapia si yangu.

"Sasa niweke ndani mimi," Shakila akasema. "Ila mna chumba kimoja, na mume wangu anakoroma."

Sajenti akakuna kichwa. Akapiga simu, akaiweka spika, nadhani kwa kusahau, au kwa sababu hakuona cha kuficha. Ilikuwa sauti ya Bwana Leonard, na nyuma yake ile sauti ya mwanamke wa kwenye treni akitangaza kituo.

"Bosi, hapa pamekuwa pagumu kidogo. Mke wa mzee anasema ametoa yeye."

"Aa, waachie bwana," akasema Bwana Leonard. Alikuwa anatafuna kitu, karanga nadhani. "Mimi nilitaka tu yule mama ashtuke kidogo. Mpaka mwezi wa sita atakuwa amechoka mwenyewe. Mtandao unakata."

Basi. Sajenti akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni. Hakuona haya. Akatusindikiza mpaka barazani akatuambia tuangalie, ngazi zinateleza. Serikali nzima, na bendera, na jiwe la msingi, na matofali ya akina mama, vilikuwa vimesimamishwa ili mtu mmoja anayetafuna karanga kwenye treni amshtue mama mmoja kidogo. Na mimi nilikuwa nimeishika kalamu.

Mama Glory akapisha tupite. Hakusema kitu siku ile.

Alisema jana. Mizigo ilikuwa imeshapakiwa, gari la Mgeta linapiga honi barabarani, Glory amekaa juu ya magunia na begi lake la vitabu. Mama yake akaja uani kwangu, yeye na Innocent wamebeba mlango. Alikuwa ameusugua kwa majivu, ukang'aa kuliko siku nilipopewa. Ana haki ya mwezi mzima wa Juni katika vile vyumba. Nilimwambia hivyo. Nikamwambia asiondoke kwa kuogopa.

"Siogopi, Baba Mwaisha. Nimechoka kusalimiwa vizuri na watu."

Akauegemeza mlango ukutani.

"Huu mlango. Ulisema hukunipa. Basi nimekurudishia."

Shakila akamkumbatia. Mimi nilimpa mkono, akaupokea kwa mikono yake miwili, kwa heshima. Kisha akaenda. Leo asubuhi vijana wa Bwana Leonard wameanza kushusha mabati. Amepata alichokitaka, kwa wakati alioutaka, na hakukohoa hata mara moja.

Mlango uko palepale ukutani. Nilichukua bisibisi ili niurudishe chooni, Shakila akasema, "Jaribu." Nikairudisha bisibisi mezani.

Alasiri hii nilikuwa nimekaa uani naandika haya, nikasikia mtu anakohoa chooni, nyuma ya gunia. Choo cha kituo hakijachimbwa kingine. Mtu akakohoa tena, kwa nguvu zaidi, maana alisikia nyayo. Innocent alikuwa anakwenda na ndoo yake. Nikaitambua sauti. Ilikuwa ya Sajenti Yusuph.

"Nipo, nipo!" akaita. "Mzee Mikidadi! Shikamoo! Mwambie asubiri!"

Innocent akanitazama kuuliza. Marahaba ilinifika mpaka kwenye ulimi. Nikaimeza. Nikainamisha kichwa, nikaendelea kuandika, naye mle ndani akaendelea kukohoa.